Haydom: nilienda kuuguza siku sita, haya ndo niliyoyaona (nyota 4 na nusu)

Nimerudi juzi kutoka Haydom, siku sita nzima nimekaa pale namuuguza mdogo wangu aliyeenda kujifungua. Kabla ya kwenda nilitafuta sana mtu aliyeandika kitu cha maana kuhusu hii hospitali nikaambulia "huduma nzuri Mungu awabariki" na picha za geti, basi acha mimi niandike kwa kirefu, asiyependa maneno mengi aruke ashuke chini kabisa kwenye habari za sweta.

Kwa wasiojua, Haydom iko wilaya ya Mbulu mkoa wa Manyara, na ni mbali, sisemi mbali ya kudeka, mbali kweli. Ukitokea Arusha ni kama kilomita 300, unapitia Karatu na Mbulu, au unashuka mpaka Babati halafu unapandisha mlima wa Dareda unaibukia Dongobesh. Sisi tulitokea upande wa pili kabisa, Mkalama mkoa wa Singida, maana kwetu ukisema "hospitali kubwa" wazee wengi hata hawafikirii Singida mjini, wanafikiria Haydom, ndivyo ilivyo toka tukiwa wadogo. Mama yangu alinizaa mimi nyumbani na mdogo wangu akamzaa Haydom, na mpaka leo akitaka kunikera ananiambia ndo maana mwenzako ana akili.

Sasa kwa nini tulifika kule usiku. Tulianzia kituo kimoja ambacho sikitaji, kipo karibu na nyumbani, jengo jipya linang'aa, vigae mpaka chooni. Mdogo wangu uchungu umeanza tangu alfajiri, saa nne wanamwambia bado, saa nane wanamwambia bado, na kila nikiuliza "sista mtoto mmemsikiliza?" najibiwa "tumemsikiliza asubuhi, yuko vizuri". Asubuhi! Hii ni saa kumi jioni. Baadaye akaja mwingine akamwekea ile koni tumboni, akasikiliza, akahamisha, akasikiliza tena, akanyamaza, halafu ndo ikaanza ile habari ya "inabidi mwende mbele". Ambulensi ipo imepaki pale pale ila mafuta tuchangie. Tukachangia. Sitaki kuendelea na hilo maana nikiendelea presha inapanda, ila nataka mshike hicho kitu kimoja, mtoto kusikilizwa asubuhi halafu basi, kwa sababu huko mbele kina maana yake.

Tukafika Haydom usiku na baridi yake. Getini hakuna maswali mengi, wakaona mama mjamzito kwenye gari wakafungua, kiti cha magurudumu kikaja, mdogo wangu akaingizwa wodi ya wazazi mimi nikabaki na mabegi. Mapokezi ya hivi nadhani wamezoea, maana hii hospitali imejengwa kwa watu wanaotoka mbali wakiwa wamechelewa. Kuna hata nyumba ya akina mama wanaokuja mapema kusubiri siku zao, wale wanaotoka vijiji ambavyo ukisubiri uchungu uanze ndo utafute usafiri umeshachelewa. Laiti ningejua, ningemleta wiki mbili kabla.

Asubuhi ndo nikaona nilipo. Benchi la nje nimekaa na mama wa Kidatoga kavaa ngozi yake na bangili za shaba mkononi mpaka karibu na kiwiko, pembeni kuna wamama wa Kiiraqw wanaongea kwao, mimi na shangazi mmoja tumegundua wote Wanyiramba tunaongea kwetu, na kuna kijana mwembamba kaja na mkewe wanaongea lugha ya kudonoa ulimi, Wahadzabe hao, wametoka huko bonde la Eyasi. Hii kitu huwezi kuiona sehemu nyingi duniani, sitanii, Wairaqw ni Wakushi, Wadatoga ni Waniloti, sisi ni Wabantu, na Kihadza hakina ndugu anayejulikana, wataalamu wamekiweka peke yake. Benchi moja la hospitali na lugha ambazo hazihusiani hata kidogo, na manesi wanazunguka humo humo. Yule Mdatoga Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, alipoitwa na dokta akasimama tu anashangaa, basi dada wa usafi akaweka fagio chini akaingia naye kutafsiri, kisha akatoka akaokota fagio lake akaendelea kudeki. Nikasema hapa ndo penyewe.

Historia yake sasa, na hii nyingine nilikuwa nimeisoma, nyingine nikaongezewa na mzee tuliyekaa naye pale akimsubiri mjukuu. Zamani hili eneo lilikuwa pori la mbung'o. Ng'ombe wanakufa kwa nagana, watu wanapata malale, nani atakaa hapo. Wakati wa mkoloni likaanza zoezi la kufyeka pori ili Wairaqw waliojazana kule juu Mbulu wapate pa kuhamia, na watu walipoanza kuhamia ikaonekana hakuna pa kuwatibia. Wakaja Wamisheni wa Kilutheri kutoka Norway, wakaanza kujenga 1953, na Januari 1955 hospitali ikafunguliwa ikiwa na vitanda 50. Ebu fikiria vitanda 50 katikati ya pori mwaka 1955, hata mji wenyewe haupo! Yaani kwa kawaida mji unatangulia hospitali inafuata, hapa hospitali ilitangulia, maduka na stendi na nyumba za kulala wageni vyote vimekuja kuizunguka. Ukizunguka Haydom leo utaona, kila biashara ukiifuatilia mwisho wake unafika kwa mgonjwa au kwa anayemuuguza mgonjwa.

Halafu kuna Olsen. Huwezi kukaa Haydom siku mbili bila kusikia hilo jina. Dokta Olsen alikuja na mkewe, Mama Kari, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wao hawakuwa wa kukaa miaka miwili wapige picha waondoke, walikaa miongo. Mzee wangu wa benchini anamsimulia kama unavyomsimulia jirani, eti alikuwa anajua nani ana ng'ombe wangapi. Baadaye mwanaye Øystein, aliyekulia pale pale, naye akawa daktari na akaja kuwa mkurugenzi wa hospitali. Mimi huwa nina wasiwasi na hospitali ambayo jina la mtu mmoja ni kubwa kuliko la taasisi, maana huyo mtu akiondoka mnabaki na picha ukutani. Ila hapa wamevuka, hospitali ni mali ya KKKT Dayosisi ya Mbulu, na madaktari na manesi niliowaona mimi siku zote sita ni Watanzania, tena wengine wamesomea hapo hapo maana wana chuo chao cha afya.

Kukua wamekua. Kutoka vile vitanda 50 sasa hivi viko zaidi ya 400, na mwaka 2010 ikapandishwa kuwa hospitali ya rufaa ngazi ya mkoa. Ina uwanja wake wa ndege, usifikirie lami, na ndege ndogo za MAF, shirika la ndege la kimisheni, zinaruka na manesi kwenda vijiji vya mbali kuchanja watoto na kupima wajawazito, zinarudi jioni. Majengo yanajieleza yenyewe ukitembea, ya zamani chini chini na kuta nene, mapya madirisha makubwa, na njia zenye paa zinazounganisha wodi kwa wodi ambazo siku ya kwanza nilipotea mara tatu na uji mkononi.

Lakini mimi sijaandika hii kwa ajili ya majengo. Kile kituo cha kwanza nacho kina majengo.

Nimeandika kwa ajili ya mdoli.

Siku ya pili (mtoto keshazaliwa, nitasema) nikaona kwenye chumba kidogo karibu na leba kuna meza, juu yake mdoli wa ukubwa wa kichanga halisi, mlegevu hivi, umelala chali, pembeni kuna ile puto ya kupumulisha na kibarakoa chake. Nikadhani ni wa watoto kuchezea nikashangaa umewekwa huko. Nilipousogelea nikaona puani na mdomoni pamechakaa, rangi imefifia kabisa, duara zima la pale kibarakoa kinapokaa limekuwa jeupe. Akapita mkunga kijana, nikamuuliza huu wa nini, akacheka akasema "huu ndo mwalimu wetu dada". Akaniambia kabla ya kuingia zamu au pakiwa pametulia wanausogelea wawili wawili, mmoja anaupumulisha, mwenzake anaangalia, dakika tatu nne, wanaondoka. Ukiukandamiza vibaya kifua hakipandi. Akanionyesha, kikapanda. Akanipa mimi, hakikupanda. Akasema inua kidevu kidogo, usibane shingo. Kikapanda! Aisee nilifurahi kama mjinga.

Sasa kumbe nyuma ya huo mdoli kuna stori, na ni stori ambayo kwangu inaipa hii hospitali heshima kuliko vitanda 400. Watoto wengi wanaokufa siku ya kwanza wanakufa kwa kushindwa kuanza kupumua, na wengi wao ukiwakausha ukawasugua mgongo, akigoma ukampumulisha ndani ya dakika ile ya kwanza, wenyewe wanaiita dakika ya dhahabu, anaanza. Haihitaji mashine ya mamilioni, inahitaji mikono iliyozoea. Basi kukaja mafunzo ya namna hiyo Tanzania, na utafiti uliotoka 2013 kwenye hospitali 8 za hapa nchini ulionyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vimeshuka kwa asilimia 47. Mambo mazuri, kila mtu anapiga makofi.

Haydom nao walifundisha, semina ya siku moja. Halafu wakafanya kitu ambacho sisi Watanzania na semina zetu hatufanyi kabisa, wakarudi leba kuangalia kama semina imebadilisha chochote. Na wakakuta haijabadilisha! Manesi kwenye mdoli wanafanya vizuri sana, wamefaulu, ila mtoto wa kweli akizaliwa hajapumua mambo ni yale yale ya zamani. Na wakaiandika hivyo hivyo ikachapishwa dunia nzima isome, semina yetu ya siku moja haikusaidia leba. Wewe unamjua bosi gani anayeandika hivyo? Sisi semina ikiisha ni posho, picha ya pamoja, ripoti inasema "malengo yamefikiwa kwa asilimia mia", tukutane robo ijayo.

Hawakuishia kulia. Wakasema kama siku moja haitoshi basi mdoli uhamie leba, mazoezi yawe mafupi na ya mara kwa mara, dakika tatu mpaka tano kila wiki na dakika 40 mara moja kwa mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa. Mdoli ule ule, manesi wale wale, leba ile ile. (Halafu kitu kilichonichekesha, kampuni ya Laerdal ya Norway inayotengeneza hii midoli ya kufundishia ilianza zamani ikitengeneza vitu vya kuchezea watoto. Kwa hiyo na mimi sikukosea sana nilivyodhani.)

Na ule usiku wetu sasa. Mdogo wangu alivyoingizwa tu alifungwa mkanda tumboni wenye kifaa kidogo kinaitwa Moyo, jina la Kiswahili kabisa, kinasikiliza mapigo ya mtoto muda wote bila kuchoka, yakienda kombo kinalia. Hakuna "tumemsikiliza asubuhi". Baadaye kidogo nikiwa kolido nikasikia kinalia kweli, nikasikia viatu vya watu wanakimbia. Wakampeleka chumba cha upasuaji haraka hata kusaini nilisaini huku natembea. Mtoto alitoka ameregea, hakulia. Hii naisimulia kama nilivyosimuliwa, mimi nilikuwa nje nimeshika kandambili zake tu. Wakamkausha, wakamsugua, kimya, wakampumulisha, na mkunga aliyekuja kuniita ananiambia "amelia dada, amelia vizuri tu" kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayekuambia chai imeiva. Mimi miguu imeisha. Ndo maana kesho yake nilivyoona ule mdoli na pua yake iliyochakaa nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikahesabu ni vidole vya watu wangapi vimepita pale kabla ya usiku wetu.

Hayo mambo ya Haydom yametoka nje ya Haydom vilevile. Kuna mpango wa uzazi salama, Safer Births, ambao hospitali hii iliuongoza pamoja na Wizara ya Afya na wenzao, ukaingia hospitali na vituo 30 kwenye mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, mazoezi yale yale mafupi ya mara kwa mara pamoja na hivyo vifaa vya kusikilizia moyo. Matokeo yalitoka 2025 kwenye jarida kubwa la udaktari la Marekani, karibu akina mama laki tatu na watoto wao, vifo vya akina mama vimeshuka kwa kama asilimia 75 na vya watoto siku ya kwanza kwa asilimia 40. Kitu kilichoanzia kwenye pori la mbung'o. Wakati huo kuna hospitali za mjini zina lifti ila ukiuliza mara ya mwisho wamefanya mazoezi ya kupumulisha mtoto ni lini, wanakuangalia tu.

Kinachonipa wasiwasi, na hili nalisema kama mtu anayeipenda, ni hela. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kuiendesha imetoka Norway, serikali yao na makanisa yao, na hela ya mfadhili siku zote ina mwisho. Wananchi wa huku ni wakulima na wafugaji, wengi hawana bima, mtu anakuja na mgonjwa na ahadi ya kuuza mbuzi. Hospitali ya namna hii ikisema itibu wenye hela tu si Haydom tena, ikisema itibu wote bure inafunga. Yule mzee wa benchi alisema zamani tulikuwa tunadhani hospitali ni ya Wazungu kwa hiyo hatuwezi kuimaliza, sasa tumeambiwa ni yetu ndo tunaogopa. Nilimwelewa sana.

Haya, mambo ya kawaida kwa anayejiandaa kwenda.

Sweta. Beba sweta, beba na blanketi, Haydom iko juu na usiku baridi yake haina adabu, mimi nilienda na kanga mbili kama naenda Tanga nikaishia kuvaa koti la mtu nisiyemjua. Anayeuguza ajiandae kujihudumia mwenyewe chakula na kufua, kwa hiyo sufuria ndogo, ndoo, beseni. Kama una bima uliza mapema mapokezi kadi yako inashika nini, usisubiri siku ya kuruhusiwa, na kama huna beba akiba. Kama mgonjwa wenu Kiswahili kinampiga chenga hakikisha anayemsindikiza anakijua, siyo kila mara dada wa usafi atakuwa karibu. Wajawazito wa mbali, nasema tena, njooni mapema mkae ile nyumba ya kusubiria, msituige sisi.

Na simu yako chaji kabla, siyo kwa ajili ya picha, ni kwa ajili ya ndugu wanaopiga kila nusu saa kuuliza "sasa amefanana na nani".

Ile nusu nyota niliyokata siyo ya hospitali, ni ya njia, mvua ikinyesha unaweza ukalala njiani na mgonjwa, na hilo dokta hawezi kulitibu. Mtoto wetu ana kilo zake za kutosha na sauti ambayo majirani wameshaanza kulalamika. Tuna kliniki ya wiki sita, safari hii tunafikiria tuzungukie Babati tuone kama huko ni afadhali, aliyepita Dareda hivi karibuni atuambie hali ikoje.